Lengo la kupunguza gesijoto linapoingizwa kwenye sheria

Aprili 2015, gavana wa California, Jerry Brown, alitoa amri: ifikapo 2030, gesijoto (gesi zinazonasa joto na kuipasha dunia) zinazotoka jimboni humo zipungue kwa asilimia 40 zikilinganishwa na zile za 1990. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha muswada SB 32, wenye asilimia ile ile na mwaka ule ule. Brown mwenyewe akautia saini. Sasa wabunge walihangaikia nini?

Walihangaikia uzito wa karatasi. Amri ya gavana wa leo, gavana wa kesho huifuta kwa saini yake peke yake. Sheria haifutiki hivyo. Sharti irudi bungeni, au iende kwa wapiga kura wenyewe, na kupigiwa kura. (Jimbo hapa ni mojawapo ya yale 50 ya Marekani, lenye bunge na mahakama zake, si jimbo la uchaguzi tulilolizoea.)

SB 32 haikuanzia hewani. Ilikuwapo sheria AB 32 ya 2006, iliyosainiwa na Arnold Schwarzenegger, gavana wa wakati huo, iliyotaka jimbo lirudi kwenye kiwango cha 1990 ifikapo 2020. Mwaka 2010 waliojaribu kuisimamisha mpaka ukosefu wa ajira upungue walilazimika kwenda kwa wapiga kura, nao wapiga kura wakawakatalia. Lengo lenyewe likafikiwa 2016, miaka minne kabla. Kukaza lengo kisheria ni huko kupandisha kiwango hatua kwa hatua: 2022 ikaja sheria AB 1279, inayodai punguzo la asilimia 85 ifikapo 2045.

Lakini namba peke yake haimbani mtu, na hili Massachusetts, jimbo jingine la Marekani, ilijifunza kwa kesi. Sheria yake ya 2008 iliweka punguzo la kati ya asilimia 10 na 25 ifikapo 2020 na asilimia 80 ifikapo 2050, tena ikaiagiza idara ya mazingira itunge kanuni za kuweka ukomo wa gesi unaoshuka mwaka hadi mwaka. Muda wa kutunga kanuni ukapita. Idara ikajitetea kwamba mipango iliyokuwapo inatosha. Vijana wanne, pamoja na mashirika ya mazingira, wakaenda mahakamani. Wakashindwa mwanzo, wakakata rufaa, na Mei 2016 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba sheria iliposema kanuni ilimaanisha kanuni, yaani ukomo halisi unaolazimisha, si matarajio. Kwangu mimi kiini cha dhana nzima kiko hapa: lengo la kisheria ni lile ambalo raia anaweza kulishika na kwenda nalo kwa hakimu. Hotuba ya gavana haishitakiwi.

Ndiyo maana sheria iliyofuata ilivutaniwa sana. Muswada mpya ulitaka punguzo la asilimia 50 ifikapo 2030, pamoja na ukomo wa kila sekta peke yake: usafiri, majengo, umeme na nyinginezo. Januari 2021 gavana Charlie Baker akaukataa. Bunge likaupitisha upya. Baker akaurudisha na marekebisho, akiomba 2030 iwe na nafasi ya kati ya asilimia 45 na 50. Wabunge wakakubali baadhi ya marekebisho yake, ila 50 hawakuigusa, naye akausaini Machi 26.