Dawa ya Utumbo Ikikukataa, Usiiache Kimyakimya

Mama mmoja mkulima wa zabibu alirudi kliniki miezi minne baada ya kuanzishiwa dawa. Damu ilikuwa imerudi kwenye choo, magauni yanampwaya, na usiku alikuwa anaamka mara tatu au nne kukimbilia msalani. Nilimuuliza kama anameza vidonge, akasema anameza. Nesi alipoomba kuona pakiti, ilikutwa karibu yote bado imejaa. "Daktari, vilinikataa," alisema kwa sauti ya chini. "Nikimeza kichwa kinagonga na uji wote unatoka. Nikaona nikikuambia utanikasirikia."

Nilisikitika, maana maudhi aliyokuwa nayo yanajulikana, chanzo chake kinajulikana, na njia ya kuyapunguza ipo tangu zamani. Alipoteza miezi minne na kilo nyingi kwa kuogopa kusema jambo ambalo lingechukua dakika tano. Wagonjwa wa namna yake nawaona hapa Dodoma kila mara, kutoka Kondoa, Kongwa, Mpwapwa hadi Manyoni, na ndio ninaowaandikia leo.

Ugonjwa wenyewe ni uvimbe sugu wa utumbo. Neno uvimbe huwatisha watu wakadhani ni saratani. Hapa tunamaanisha ngozi ya ndani ya utumbo kuwa nyekundu, kuvimba na kuchubuka kwa sababu kinga ya mwili inaishambulia bila kukoma. Aina kuu ni mbili. Kolaitisi ya vidonda huanzia kwenye njia ya haja kubwa na kupanda utumbo mpana bila kuruka sehemu, na huchubua ngozi ya juu tu. Ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa na madaktari wa New York mwaka 1932, unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi haja kubwa, kwa madoamadoa, na huchimba unene wote wa utumbo hadi kuufanya uwe mwembamba au utoboke. Yote miwili haiambukizi, na si matokeo ya kulogwa wala ya kula vibaya. Huja kwa mawimbi: miezi ya utulivu, kisha mlipuko.

Kabla ya kulaumu dawa, kuna swali moja ambalo mimi siliruki: je, ugonjwa ndio huo kweli? Katika mazingira yetu, amiba, kichocho cha tumbo na kifua kikuu cha utumbo vinaweza kufanana nao mno. Mtu mwenye amiba akipewa dawa za kushusha kinga anaweza kutoboka utumbo. Ndiyo maana tunapima choo, tunaingiza kamera kwenye utumbo mpana na kuchukua vinyama vya kupima maabara. Hata mgonjwa aliyethibitishwa zamani, akilipuka upya tunapima choo kwanza, kwa sababu huenda dawa haijashindwa bali ameongezewa kidudu juu ya ugonjwa wake.

Sasa tuje kwenye kukataliwa na dawa. Watu hutumia neno hilo moja kwa mambo matatu yaliyo mbali kabisa. La kwanza ni maudhi: kichefuchefu, kichwa kuuma, tumbo kujaa gesi. Haya hutegemea kiasi cha dawa na mara nyingi hupungua. La pili ni mzio: vipele, homa, midomo kuvimba, ngozi kubabuka. La tatu ni dawa kuumiza kiungo, kama ini, figo, kongosho au uboho unaotengeneza damu, na hili huweza kuanza bila wewe kuhisi lolote. Maudhi tunayatafutia njia. Mzio mkali na kiungo kuumia hatubishani nao. Dawa hiyo inasimama, na jina lake linaandikwa kwenye kadi yako kwa wino usiofutika.

Salfasalazini ndiyo inayonipa kazi kubwa zaidi, kwa kuwa ni ya bei nafuu na ndiyo wengi wanaanza nayo. Iliundwa Sweden na daktari Nanna Svartz kwa ajili ya ugonjwa wa viungo, kisha ikaonekana inatuliza utumbo. Kidonge hicho kimoja kina vitu viwili vilivyofungwa pamoja: salfa, na dawa iitwayo mesalazini. Bakteria wa utumbo mpana ndio wanaokata kamba hiyo. Mwaka 1977 watafiti wa Oxford waliwapa wagonjwa vitu hivyo kimoja kimoja kwa njia ya haja kubwa, wakagundua kuwa mesalazini ndiyo inayotibu. Salfa ni mbebaji tu, anayefikisha mzigo kule chini. Maudhi mengi hutoka kwa huyo mbebaji.

Ukilijua hilo, mambo mengi yanafunguka. Yule mama alikuwa ameanza na vidonge vinne kwa siku tangu siku ya kwanza. Tulimrudisha kwenye kidonge kimoja cha miligramu 500 asubuhi na kimoja usiku, katikati ya chakula na si tumbo tupu, tukaongeza kimoja kila baada ya siku kadhaa. Tulimpa na foliki asidi, kwa sababu salfasalazini huzuia mwili kuinyonya vizuri. Nilimwambia pia kuwa mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa na asishtuke. Na anywe maji mengi. Dodoma ni kavu, jua la Oktoba na Novemba hukausha mtu hata asiyeharisha, na mkulima anayeshinda shambani na dumu la lita moja hanywi maji ya kutosha.

Wanaume nao wajue jambo wasiloambiwa mara nyingi: salfasalazini hupunguza mbegu za kiume. Hurudi baada ya miezi miwili mitatu tangu kuacha au kubadilishiwa dawa. Nimeona ndoa zikiingia msukosuko, mke akilaumiwa kwa kutoshika mimba, wakati chanzo kiko kwenye kikopo cha dawa cha mume. Mwambie daktari kama mnatafuta mtoto.

Wapo ambao salfa haiwafai kabisa. Kama uliwahi kuvimba midomo, kutokwa malengelenge au ngozi kubabuka baada ya kumeza SP ya malaria au Septrin, sema kabla hujaandikiwa. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida kwa jamii zilizoishi na malaria vizazi na vizazi, nao unaweza kuifanya dawa hii ipasue chembe nyekundu za damu. Dalili ni mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya njano na kuishiwa nguvu ghafla. Hapo dawa inaachwa siku hiyohiyo na unakuja hospitali.

Asiyeweza salfa anaweza kupewa mesalazini yenyewe, bila mbebaji. Ni ghali zaidi lakini wengi wanaivumilia. Wachache huharisha zaidi na kupata homa ndani ya wiki za mwanzo, wakadhani ugonjwa umepanda, kumbe ni dawa. Ukiacha, hali inatulia ndani ya siku chache. Figo nazo zipimwe mara kwa mara.

Niseme pia jambo la aibu, kwa sababu aibu hii inawagharimu watu. Kama kolaitisi iko sehemu ya chini tu, dawa ya kuweka njia ya haja kubwa hufanya kazi kuliko ya kumeza, na kidogo sana huingia kwenye damu, kwa hiyo maudhi ni machache. Wagonjwa wengi, hasa wazee wa kiume, huikataa hata kabla sijamaliza sentensi. Naelewa. Lakini aliyetapika vidonge mwaka mzima, akakubali kujaribu, hurudi na uso mwingine. Iwekwe usiku unapolala. Na kwa joto letu huyeyuka: iache ndani ya karatasi yake, itumbukize kwenye maji ya baridi ya mtungi kwa dakika chache, itakaza tena.

Prednisoloni ni dawa ya kuzima moto, si ya kukaa nayo. Kwa kawaida tunaanza na miligramu 40 hivi kwa siku, kisha tunashuka taratibu kwa wiki kadhaa. Hukosesha usingizi, huleta njaa, hasira, sukari na presha kupanda, uso kuwa wa duara, na ikikaa muda mrefu hulegeza mifupa. Imezwe asubuhi baada ya kula, usingizi utakuwa na nafuu. Hatari kubwa ni mbili. Moja ni kuikata ghafla: dawa hii hufanya kazi ya homoni ya mwili, na mwili uliozoea kuletewa homoni unakuwa umesahau kuitengeneza, na mtu anaweza kuanguka. Nyingine ni kuinunua mwenyewe dukani kila damu ikitoka, kwa sababu inaleta nafuu haraka. Kwa watu wa maeneo ya kwetu kuna na minyoo ya strongiloidi, inayoingia kupitia ngozi ya miguu. Hukaa kimya miaka mingi, lakini prednisoloni huifungulia mlango wa kusambaa mwilini. Tunaitibu kwa ivamektini, na dozi moja ya albendazoli haitoshi.

Asiyeweza kutoka kwenye prednisoloni tunamhamishia azathioprini, dawa ya kushusha kinga. Hii inahitaji subira, kwani huchukua kama miezi mitatu kuonyesha kazi, na katikati ya hapo wengi hukata tamaa. Kichefuchefu chake hupungua ukiimeza usiku baada ya chakula au ukigawanya dozi, na baadhi ya wanaoshindwa huweza dawa ndugu yake, makaptopurini. Lakini maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni katika wiki za mwanzo ni kongosho. Likitokea, dawa hiyo na ndugu yake haziguswi tena. Damu ipimwe mara nyingi mwanzoni, hata ukijisikia mzima. Na aliye na gauti akumbuke kumtajia daktari kama anameza alopurinoli, dawa ya gauti, kwa kuwa zikikutana bila dozi kupunguzwa uboho unaweza kusimama kutengeneza damu.

Zipo dawa za sindano kama infliximabu, ambazo ni ghali na hazimfikii kila mtu. Kabla yake lazima kifua kikuu kitafutwe, hata kile kilicholala, kwa sababu huamka.

Wakati mwingine dawa inayokukataa si ya utumbo kabisa. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila kona kwa ajili ya mgongo na magoti, zinaweza kuulipua ugonjwa. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Vidonge vya madini ya chuma navyo huchafua tumbo lililochubuka. Kumeza siku moja na kuruka moja husaidia, na ikishindikana kuna chuma cha kuwekwa kwenye mshipa. Shubiri na mizizi ya kusafisha tumbo huongeza kuharisha. Simkatazi mtu kwenda kwa mganga. Namwomba aniambie alichokunywa.

Chakula hakiponyi ugonjwa huu na wala hakikuuanzisha, lakini kinasaidia kuvumilia dawa. Wakati wa mlipuko, uji laini, wali, ndizi mbivu, mayai, mlenda na ugali wa unga uliokobolewa hupita vizuri kuliko mtama wenye pumba. Karanga zisagwe. Kama utumbo umekuwa mwembamba, achana na karanga nzima, ubuyu na maganda ya zabibu. Maziwa jipime mwenyewe. Wengi mgando unawakubali kuliko mabichi. Sipendi orodha ndefu za makatazo. Nimeona wagonjwa waliokonda kwa makatazo kuliko kwa ugonjwa.

Upasuaji nao uzungumzwe mapema. Kwa kolaitisi, kuondoa utumbo mpana huondoa ugonjwa wa utumbo wenyewe, na mtu anayetoa choo kwenye mfuko wa tumboni anaweza kulima, kuolewa na kuzaa. Anayeletwa akiwa bado na nguvu hupona vizuri kuliko anayeletwa akiwa mifupa mitupu baada ya kujaribu kila dawa mara mbili.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukienda choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku pamoja na homa au moyo kwenda mbio, tumbo likivimba na kuwa gumu, au ukizimia. Njoo usiku huohuo.

Kwa siku za kawaida, njoo na mfuko wa dawa zako zote, zilizoisha na zilizobaki, na za duka la mtaani pia. Andika kwenye daftari siku uliyomeza, kiasi gani, ulikula nini kabla, na kilichotokea baada ya muda gani. Yule mama sasa huja na daftari la shule la mwanawe. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa herufi kubwa: "Kidonge cha usiku nimekitapika." Ndio ukurasa ulionisaidia kuliko kipimo chochote siku ile.