Goti linasagika: maswali na majibu kuhusu gegedu

Nimeambiwa ute wa goti umekwisha. Nile bamia?

Bamia ni mboga nzuri, kula. Lakini kinacholika hasa ni gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Halina mishipa ya damu, hivyo likichubuka haliponi kama ngozi. Bamia hazilioteshi upya, wala supu ya makongoro. Hata hivyo maumivu hupungua sana, na wengi hawafiki kwenye upasuaji.

Nianze na nini?

Msuli wa mbele ya paja. Ukilegea, goti hubeba mzigo peke yake. Lala chali, kunja mguu usiouma, nyoosha unaouma. Kaza paja, inua mguu kama sentimita 30, hesabu hadi tano, shusha taratibu. Fanya mara 10, pumzika, rudia hadi mizunguko mitatu, kila siku. Nafuu huja baada ya wiki sita hadi nane. Wengi huacha wiki ya pili, na hapo ndipo tiba inapoharibika. Kesho yake goti likivimba, punguza idadi, usiache.

Mwenye uzito uliozidi, kila kilo anayopunguza hulitua goti takriban kilo nne kwa kila hatua.

Shamba langu liko mteremkoni, Rungwe.

Kushuka huumiza kuliko kupanda. Shika fimbo kwa mkono wa upande usiouma. Ukishuka, tanguliza fimbo na mguu unaouma. Ukipanda, tanguliza usiouma. Debe la viazi ligawe safari mbili. Baridi ya Juni na Julai hukakamaza goti tu, haili gegedu.

Diklofenaki, dawa ya maumivu, na sindano je?

Anza na ya kupaka. Vidonge vikimezwa mfululizo huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mwenye presha. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza kwa wiki kadhaa. Ikirudiwa mara kwa mara hudhoofisha gegedu yenyewe. Isichomwe tena kabla ya miezi mitatu kupita.

Upasuaji ni wa nani?

Kijana aliyeumia na gegedu ikabanduka sehemu ndogo anaweza kutobolewa vitundu kwenye mfupa ili damu itengeneze kovu la kuziba. Atatembelea magongo kama wiki sita. Gegedu ikiisha goti zima, kuliosha ndani kwa kamera inayopitishwa kwenye tundu dogo hakusaidii. Hapo ni goti bandia, ambalo mara nyingi hudumu miaka 15 au zaidi. Omba rufaa kwa daktari wa mifupa, na eksirei ipigwe ukiwa umesimama: ukilala, nafasi kati ya mifupa huweza kuonekana pana kuliko ilivyo.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hayo huweza kuwa maambukizi, na huharibu gegedu kwa siku chache.