"Sukari sasa inanikubali": ngoja kwanza nikueleze

Kuna mteja wangu mmoja (kaniruhusu nisimulie, mradi nisimtaje) alienda kwanjula, ile sherehe ya mchumba kutambulishwa ukweni, huko upande wa Mityana, miezi mitano baada ya kufanyiwa baipasi ya tumbo, operesheni ya kupunguza uzito. Na mnajua kwanjula ilivyo, ukikaa tu soda iko mbele yako, ukikataa mashangazi wanaanza kukuangalia. Tumbo halina kitu toka asubuhi, jua kali, gomesi (gauni letu la sherehe) imekazwa, akanywa chupa nzima. Dakika 15 hazikuisha, moyo ukaanza kwenda mbio, jasho, tumbo linasokota, akakimbilia choo, akarudi akajilaza kwenye gari kiti cha nyuma. Akanipigia: "Musawo (daktari), nimelishwa sumu." Nikamuuliza umekunywa nini, akasema soda. Nikamwambia lala hapohapo, usinywe kitu kingine, itapita. Na ikapita, kama baada ya saa moja hivi.

Hiyo ndo dampingi, yaani chakula kumwagikia utumboni haraka mno. Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Kampala, na hawa waliofanyiwa operesheni ya kupunguza uzito nawaona kila wiki, wengine walifanyiwa India wakarudi na karatasi moja tu ya maelekezo, kwa hiyo maswali yote yananiangukia mimi.

Tumbo lako la zamani lilikuwa na mlango chini, tunauita pailorasi, na kazi yake ni kama ya konda anayeshusha abiria mmoja mmoja. Chakula kinasagwa, kinachanganywa, kinaachiliwa kidogo kidogo. Kwenye baipasi huyo konda karukwa kabisa: daktari kakutengenezea kifuko kidogo cha kama mililita 30, halafu akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Sasa ukimimina soda, ile sukari nzito inafika utumboni yote kwa pamoja, na utumbo ukiona kitu kizito hivyo unavuta maji kutoka kwenye damu ili kukizimua. Maji yakitoka kwenye damu presha inashuka, moyo unakimbia kufidia, na utumbo uliojaa maji unasokota na kuharisha. Waliofanyiwa slivu, yaani kukatwa sehemu kubwa ya tumbo, mlango wao bado upo, ila tumbo limebaki kama mrija na linamwaga haraka, kwa hiyo nao inawapata, ingawa si mara nyingi kama wa baipasi.

Na tupige hesabu ya hiyo chupa. Soda ya kola ina kama gramu 10 au 11 za sukari kwa kila mililita 100, maana yake chupa ya kioo ya mililita 300 ina kama gramu 32, vijiko 8 vya chai. Hebu jiulize kama ungekaa ukalamba vijiko vinane vya sukari mbele ya wakwe.

Sasa stori yenyewe ndo inaanzia hapa. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye yule dada akanitumia voisi ya WhatsApp, furaha tupu: "Musawo, sukari sasa inanikubali! Nimekunywa soda, hamna kitu." Watu wengi wanaisubiri siku hiyo, na ni kweli kwa wengi ile ya dakika 15 inapungua kadiri miezi inavyokwenda, mwili unazoea na wewe mwenyewe unajifunza kula. Lakini nilipomuuliza vizuri akasema hamna kitu ila siku hizi mchana, kama saa mbili baada ya kula, anasikia mikono inatetemeka, njaa ya ghafla, kichwa hakishiki, na juzi alikuwa kwenye boda pale Wandegeya akaona taa zinacheza, nusura aanguke. Anafanyaje? Anakunywa soda, anapata nafuu. Kisha saa mbili baadaye tena.

Banange. Hiyo ni dampingi ileile, imebadilisha tu gomesi.

Hii ya pili inakuja saa moja hadi tatu baada ya kula, na mara nyingi inaanza kujitokeza mwaka mmoja au zaidi baada ya operesheni, wakati kila mtu ameshajiona kapona. Sukari inaingia kwenye damu kwa kasi, utumbo unatoa homoni nyingi za kuiambia kongosho itoe insulini, kongosho inazidisha, na insulini ikiwa nyingi sukari inashuka chini ya pale ilipoanzia. Ndo maana nilimwambia anunue kile kimashine cha kupimia sukari. Chini ya 3.9 (milimoli kwa lita) ni ya kushughulikia, chini ya 3.0 ni hatari, usipande boda wala usiendeshe gari. Yake siku ya kwanza ilisoma 2.8.

Ukishuka hivyo kweli unahitaji sukari, sibishi, ila kidogo: juisi kama nusu glasi ndogo, halafu ikishapanda kula kitu chenye protini, yai, njugu, kipande cha samaki. Ukimaliza chupa nzima ya soda unajiandalia mshuko mwingine. Na mtu akizimia msimmiminie kitu mdomoni, mpelekeni hospitali.

Watu wananiuliza, kwani nivumilie gramu ngapi? Mimi siwapi namba moja ya wote, kwa sababu sukari ileile inakubali siku moja na kukuangusha siku nyingine, inategemea imeingia vipi. Ya maji ndo mbaya kuliko zote: soda, juisi ya pasheni, chai ya vijiko vitatu, munanasi (kinywaji cha nanasi), na ile bushera (kinywaji cha mtama au ulezi) iliyotiwa sukari ambayo watu wanadhani ni chakula cha afya. Asali ni hivyohivyo, nyuki hawajui kama umefanyiwa operesheni. Kipande cha gonja (ndizi tamu iliyoiva) baada ya nyama na maharagwe ni kitu kingine kabisa na gonja hiyohiyo kwenye tumbo tupu. Kwa hiyo anza na protini, mukene (dagaa) au yai au maharagwe, halafu mboga, halafu ndo matoke kidogo au posho (ugali), utafune mpaka kiwe laini, na maji usiyanywe mpaka nusu saa ipite baada ya kula. Milo midogo mitano au sita kwa siku. Rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai? Kula mayai yote, chapati robo, na mwenye kibanda atakuona una wazimu lakini basi. Ile ya mapema ikikushika, kulala nusu saa baada ya kula kunasaidia kupunguza kasi.

Kuna jambo moja linanikera, ni watu wanaoendelea na dawa za zamani za kisukari baada ya operesheni, glibenklamidi au sindano ya insulini, kwa dozi ileile ya wakati wana kilo 130. Hapo huwezi kulaumu soda tu, dozi yenyewe inakushusha. Mwone daktari wako arekebishe, usiache kivyako. Na kama chakula umebadilisha vizuri na bado unashuka, ipo dawa inaitwa akarbozi, unaimeza na tonge la kwanza, inachelewesha wanga kugeuka sukari. Inajaza gesi, nakuonya mapema, usiianze siku ya harusi.

Yule dada wiki iliyopita alikuwa na kwanjula nyingine, ya mdogo wake. Alikula mayai mawili nyumbani kabla ya kutoka, soda akaishika mkononi mpaka ikawa ya moto, akampa mtoto wa jirani.