Mchanga wa mafuta: mnachemsha nini hasa?

"Ongeza moto, mafuta yatatoka." Kauli hii nimeisikia mpaka nimechoka, na siku hizi naijibu kwa swali: unataka kupasha lami (mafuta mazito yaliyoshika mchangani) au mchanga? Maana hata katika mchanga mzuri wa Athabasca, kule Kanada, lami ni kama asilimia 10 hadi 12 tu ya uzito. Kilichobaki ni mchanga, udongo na maji, vinavyokula moto kisha vikamwagwa bwawani.

Ni kweli, njia ya kutenganisha lami na mchanga kwa maji moto, aliyoiendeleza mkemia wa Kanada Karl Clark miaka ya 1920, ilitumia nyuzi 80 hivi. Lakini leo migodi mingi hufanya kazi karibu na nyuzi 40 au 50. Piga hesabu: kupasha tani ya maji kutoka nyuzi 10 hadi 80 kunahitaji megajuli 290 hivi, ukiishia 40, ni kama 125.

Moto mdogo hivyo unatosha kwa sababu punje za mchanga wa Athabasca zinapenda maji kuliko mafuta. Kazi ni kuibandua lami, si kuiyeyusha. Bomba la kusafirisha tope husugua mabonge njiani, soda kostiki kidogo huamsha sabuni zilizomo ndani ya lami yenyewe, na viputo vya hewa huinyanyua juu. Sampuli ikikataa kutoa mafuta, mimi huangalia udongo laini na hewa kwanza. Halijoto baadaye! Na msinimiminie soda ovyo: udongo husambaa majini, kisha mabaki hayatulii.

(Mchanga wa Utah, Marekani, ni habari nyingine; huko mafuta hung'ang'ania punje zenyewe.)

Kauli nyingine ninazosikia: "Kiyeyushi (kimiminika cha kuyeyusha lami badala ya maji moto) hakili nishati." Huila wakati wa kukirudisha, na kinachobaki mchangani ni hasara.

"Yote huchimbwa kwa koleo." Takriban asilimia 80 ya akiba ya Alberta, jimbo lenye Athabasca, iko chini mno kuchimbwa, hivyo hutolewa kwa visima, mara nyingi kwa mvuke. Hapo ndipo propani au butani ikichanganywa na mvuke hupunguza maji ya kuchemsha.

"Povu likishapanda, mafuta ni safi." Povu hilo lina maji kama asilimia 30 na vumbi 10. Kiyeyushi cha parafini huangusha sehemu ya asfalteni (chembe nzito kabisa za lami), nazo huzoa maji na vumbi zikizama, bila tanuri.