Supreme Court ya British Columbia siyo ya mwisho jamani

Watu wengi wakisikia Supreme Court ya British Columbia, jimbo moja kule Kanada, wanadhani ukishindwa pale ndo basi tena. Hapana! Pale ndo kesi nzito zinaanzia, mauaji, talaka, madai ya hela nyingi, na pia inasikiliza rufaa kadhaa toka Provincial Court iliyo chini yake. Usiporidhika unaenda Court of Appeal ya jimbo, alafu Ottawa kwenye Supreme Court ya Kanada, ila huko mara nyingi lazima uombe ruhusa kwanza.

Kingine, mahakama ni ya jimbo lakini majaji wake wanateuliwa na kulipwa na serikali kuu, katiba ya 1867 ndo imepanga hivyo, na wanastaafu wakifika miaka 75.