Je, wajua? Kipara cha kujing'oa nywele hutambulikaje

Katika saluni za Kondele au Kibuye, Kisumu, msusi anayefumua rasta huona mambo ambayo hata mama mzazi hajayaona. Kipara kidogo utosini, kwa mfano. Wengi husema ni mashilingi, yaani ugonjwa wa fangasi wa kichwani, au rasta zilikazwa mno. Huenda ni kweli. Lakini zitazame kwanza nywele zilizobaki.

Mashilingi huacha magamba na mwasho. Rasta za kukaza hula nywele za pembeni, kwenye paji na juu ya masikio. Kuna pia kipara cha ghafla, kinga ya mwili inaposhambulia mizizi ya nywele. Hapo ngozi hubaki laini tupu. Anayejing'oa mwenyewe huacha alama tofauti: ngozi mara nyingi ni safi, kingo za kipara zimepindapinda, na ndani yake mna nywele za kila urefu, kama shamba lililopaliliwa kwa vipindi. Hazikung'olewa siku moja, ndiyo maana. Angalia pia nyusi na kope, kwani nazo huweza kung'olewa.

Hali hii huitwa trikotilomania, jina alilolitoa Mfaransa François Henri Hallopeau, daktari wa ngozi, mwaka 1889. Mara nyingi huanza karibu na umri wa kubalehe. Si ukaidi, wala si pepo! Wengine hung'oa wakiwa na wasiwasi na kupata nafuu unywele unapotoka. Wengine mkono hupanda wenyewe wakisoma, wasijue.

Kutazama kichwa pekee hakutoshi, kwa hiyo daktari huuliza. Umejaribu kuacha ukashindwa? Jambo hili linakuumiza moyo, au linakufanya ukwepe shule na kanisa? Na ukishang'oa, unywele unaupeleka wapi? Swali hili lisirukwe kamwe. Wapo wanaozimeza, na kwa kuwa tumbo haliwezi kuzisaga, hujikusanya zikawa bonge linaloweza kuhitaji upasuaji. Mtoto wa namna hiyo akilalamika tumbo, akitapika au akikonda, apelekwe hospitalini upesi.

Ewe msusi, muulize mwenye kipara faraghani. Mbele ya wateja atakana. Kisha mwelekeze yeye na mzazi kwenye kliniki ya ngozi au ya afya ya akili. Tiba inayotegemewa zaidi, iliyoelezwa na wanasaikolojia Nathan Azrin na Gregory Nunn mwaka 1973, humfundisha mtu kuutambua mkono unapoanza kupanda, akaufumba ngumi mpaka hamu ipite.