Daktari akisema "dawa chaguo la kwanza" anamaanisha nini?

Mtu anafika dirishani famasi na cheti chake cha malaria, anaona kaandikiwa dawa mseto (dawa mbili ndani ya kidonge kimoja), anakunja uso, "dokta hii nishaizoea, nipe ile yenye nguvu au hata sindano". Sisi wafamasia tunayasikia sana haya na yanatuumiza, maana huyo mtu keshapewa dawa bora kabisa kwa tatizo lake anaiona ya kuanzia tu, kama vile nzuri zimefichwa kabatini.

Chaguo la kwanza (kliniki za VVU wanaita mstari wa kwanza) ni ile dawa ambayo mwongozo wa matibabu wa nchi umesema mgonjwa wa kawaida aanzie hapo, kwa sababu imepimwa kwa watu wengi ikaonekana inafanya kazi, madhara yake yanavumilika, na inapatikana mpaka zahanati ya kijijini. Chaguo la pili lipo kwa ambaye ya kwanza imemkataa au imeshindwa, haina maana ina nguvu zaidi, mara nyingine madhara yake ndo makubwa zaidi.

Alafu hilo chaguo sio la milele. Wakubwa mnaikumbuka klorokwini na ule muwasho wake, hapa Tanzania ilikuwa ndo ya kwanza mpaka 2001 vimelea vilipokuwa vimeizoea ikaja SP (sulfadoksini na pirimethamini), nayo ikachoka, 2006 ikaja dawa mseto yaani ALu (artemetha na lumefantrini). Shirika la Afya Duniani linasema dawa ya malaria ikianza kushindwa kwa wagonjwa 10 katika 100 nchi ianze kuibadilisha. SP haikutupwa lakini, mama mjamzito bado anapewa kliniki kwa ajili ya kinga.

Na sindano je? Sindano ya artesunate ndo chaguo la kwanza kwa malaria kali, mtoto anadegedeka, mtu hajitambui au anatapika kila kitu, huyo awahishwe hospitali. Wewe uliyekuja kwa miguu yako unameza ALu, mtu mzima vidonge 4 kwa mara, mara 6 ndani ya siku 3, ya pili masaa 8 baada ya ya kwanza, na umeze na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa maana mwili unaifyonza vizuri zaidi. Wengi wanaosema "mseto hainisaidii", ukiwauliza taratibu, unakuta waliacha siku ya pili homa iliposhuka.